Maswali ya Wasomaji: Sungura Kibete na Mfugaji wa Mara ya Kwanza

Safu hii imezoea maswali ya kuku, mbwa na ng'ombe wa maziwa. Safari hii barua nyingi zinamhusu sungura kibete, yule mdogo mwenye uso wa duara na masikio mafupi, anayefugwa ndani kwa ajili ya kupendwa na si kwa ajili ya kitoweo. Karibu wote waliotuandikia wanamfuga kwa mara ya kwanza. Tumechagua barua chache na kuzifupisha, majina ya waandishi tumeyahifadhi, na majibu ni ya daktari wetu wa mifugo.

Choo kimelainika, tena anakila

Swali: Shikamoo daktari. Nilimnunulia binti yangu wa miaka tisa sungura kibete kando ya barabara. Muuzaji aliniagiza nimpe karoti, kabichi na pumba, akasema hahitaji maji kwa kuwa anayapata kwenye majani. Binti naye humwongezea mkate na ugali. Wiki ya pili hii choo chake kimekuwa laini na kinamnata nyuma, na alfajiri moja nilimkuta akila kinyesi chake mwenyewe. Je, ana minyoo? Mama wa Tegeta, Dar es Salaam.

Jibu: Marahaba, mama. Sidhani kama ni minyoo. Umeona mambo mawili tofauti, moja la kawaida na moja la kurekebishwa leo.

La kawaida ni hilo la kula choo. Chakula kinapopita kwenye utumbo wa sungura, nyuzinyuzi ndefu husukumwa nje upesi zikiwa vile vidonge vya mviringo, vikavu, unavyovifagia kwa mamia kila siku. Sehemu laini hurudishwa kwenye mfuko mpana wa utumbo unaoitwa sekamu, ambako bakteria huichachua na kutengeneza protini pamoja na vitamini za kundi B. Kinachotoka huko ni vidonge vidogo, vyeusi, vyenye ute, vilivyoshikana mithili ya kichala cha zabibu ndogo, na sungura hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri, akakimeza bila kutafuna. Ni mlo wake wa pili, kwa hiyo usimzuie.

La kurekebishwa ni kule kunata. Wanga wa mkate, ugali na pumba, ukichanganyika na sukari ya karoti, huvuruga wale bakteria, na kichala hicho hutoka kama uji mzito ambao sungura haukusanyi na badala yake unagandia kwenye manyoya. Ondoa mkate, ugali na pumba kuanzia leo. Karoti ibaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki, na kabichi isitolewe kwa wingi kwa sababu huwaletea baadhi yao gesi. Ikiwa choo ni maji matupu na sungura ana umri wa chini ya miezi minne, usisubiri mabadiliko ya chakula yafanye kazi. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu vimelea vya koksidia huwaua wadogo kwa haraka.

Chakula chenyewe ni nyasi. Ninalisema hili kwa kila mfugaji mpya na wachache huliamini mpaka watakapoona matokeo: nyasi kavu, yaani hei, iwepo mbele yake mchana na usiku, na kila siku rundo lisilopungua ukubwa wa sungura mwenyewe. Huko Dar es Salaam hei huuzwa kwa marobota kwa wafugaji wa ng'ombe na farasi, na robota moja litamtosha sungura wa kilo moja kwa muda mrefu ukilihifadhi pakavu, mbali na panya na ukungu. Asiyepata hei akate ukoka au mabingobingo machanga, mahali pasiponyunyiziwa dawa na pasipokojolewa na mbwa, kisha ayaanike kivulini. Nyasi zilizorundikwa mbichi zikapata joto na kuchacha asipewe.

Juu ya nyasi, mpe kila siku konzi moja ya majani mabichi: majani ya viazi vitamu, giligilani, mnanaa, majani ya karoti, au majani machanga ya mmea wa kishona nguo. Anza na aina moja, uangalie choo siku mbili tatu, ndipo uongeze nyingine. Mchicha ni mara mojamoja tu. Yasimkaribie kabisa majani na tunda la parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu, kisamvu kibichi wala lantana. Majani ya lusina pia yana mimosini, kemikali ambayo ikizidi humnyonyoa manyoya. Chakula cha punje, yaani peleti za sungura zinazouzwa madukani, kitoshe gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku kwa sungura mzima. Anayekua, mpaka miezi sita hivi, anaweza kupewa zaidi, na kwake hata hei ya alfaalfa, mmea wa jamii ya kunde wenye protini na kalsiamu nyingi, inafaa.

Maji ni lazima, tena kwenye bakuli zito lisilopinduka. Huyo muuzaji alikosea.

Meno nayo yanategemea nyasi hizohizo. Sungura ana meno 28, na yote hayaachi kukua maishani mwake. Yale ya mbele hurefuka kwa takriban milimita 2 kila wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi, taya ikienda kushoto na kulia. Kibete ana hatari zaidi kuliko wenzake, kwa kuwa uso ule mfupi unaotupendeza umefupisha pia taya, na meno ya juu na ya chini mara nyingi hayakutani sawasawa. Mfunue midomo mara moja kwa wiki uangalie. Ukiona jino limepinda au kidevu kimelowa mate, usilikate kwa mkasi wa kucha, kwa sababu hupasuka mpaka kwenye mzizi.

Kibete aliyezidi kilo mbili

Swali: Mimi nilinunua sungura niliyeambiwa ni kibete halisi, kwa bei mara tatu ya sungura wa kawaida. Leo ana miezi minne na mizani inasoma kilo 2.3. Je, nimemlisha kupita kiasi au nimetapeliwa? Msomaji wa Nakuru.

Jibu: Ndugu msomaji, chakula hakiwezi kumgeuza kibete akawa na kilo 2.3 katika miezi minne. Aina ndogo kuliko zote zinazojulikana sana, Netherland Dwarf, iliyoanza kuzalishwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, haipiti takriban kilo 1.1 ikikomaa; Holland Lop, yule wa masikio yaliyolala, kikomo chake ni kama kilo 1.8. Wako ni wa ukoo wa nyama, pengine New Zealand White au chotara wake, na aliyekomaa wa aina hiyo hufika kilo 4 hadi 5.

Udanganyifu huu ni mwepesi kwa sababu kitoto chochote cha sungura cha wiki nne au tano kinafanana na kibete, na huuzwa katika umri huo makusudi, kabla masikio hayajarefuka. Kumtenga na mama kabla ya wiki nane ni kumtia hatarini pia, kwa kuwa tumbo lake halijazoea nyasi. Anayetaka kununua aombe kuwaona wazazi na kuwapima. Akikataliwa, arudi nyumbani na fedha yake. Masikio ya Netherland Dwarf mzima hayazidi sentimita 5 au 6, na kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa sababu hata wao hawalijui. Udogo wa kibete unatokana na jeni moja iliyokatika kipande, na mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa ni jeni inayoitwa HMGA2. Sungura mwenye nakala moja iliyokatika hubaki mdogo, lakini kitoto kinachorithi nakala mbili zilizokatika, moja kwa baba na nyingine kwa mama, huzaliwa kidogo mno na hufa ndani ya siku chache. Ukiwapandisha vibete wawili wenye jeni hiyo, tegemea robo ya vitoto wafe hivyo, bila kosa la mtu yeyote. Ndiyo maana simshauri mfugaji mpya aanze na ndoto ya kuzalisha na kuuza.

Huyo wako mfuge kama alivyo. Sungura wakubwa mara nyingi ni wapole kuliko vibete, ambao wengi wao ni wepesi wa hofu na hasira. Muhimu ni kumwongezea nafasi.

Joto la pwani

Swali: Sungura wangu yuko kwenye banda la waya uani, chini ya paa la bati. Mchana hulala amejinyoosha na kuhema mbiombio. Jirani ananiambia nisiwe na wasiwasi, kwani sungura wa porini wanakaa juani maisha yao yote. Msomaji wa Kisauni, Mombasa.

Swali: Tunaishi Maskati na tungependa kuwanunulia watoto sungura kibete. Je, feni inatosha wakati wa kiangazi? Baba wa watoto watatu, Oman.

Jibu: Nawajibu pamoja kwa kuwa adui ni mmoja. Jirani wa Kisauni amechanganya wanyama wawili. Sungura wa porini wa Afrika Mashariki ni wa ukoo mwingine: ana miguu mirefu, huzaliwa akiwa na manyoya na macho wazi, na hulala juu ya ardhi. Sungura wa kufugwa, awe mkubwa au kibete, ametokana na sungura wa Hispania na Ureno, ambaye huchimba mashimo na kushinda humo wakati wa joto, akitoka jioni na alfajiri. Mwili wake hustarehe kati ya nyuzijoto 15 na 21 za Selsiasi. Ikipita 28 anza kumwangalia kwa makini, na ikipita 30 yuko hatarini, hasa penye unyevu mwingi hewani kama pwani.

Sungura hatoi jasho, na kuhema hakumpozi kama kunavyompoza mbwa. Joto hulitoa zaidi kupitia mishipa ya masikio, na kibete ana masikio madogo. Kwa sababu hiyo feni peke yake haisaidii sana, kwani upepo humpoza kiumbe mwenye unyevu juu ya ngozi. Feni ikipuliza kwenye taulo iliyolowa iliyoning'inizwa mbele ya kizimba hufanya kazi zaidi. Baba wa Maskati, kama hakuna chumba chenye kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa kuanzia Mei hadi Septemba, pamoja na mpango wa siku umeme utakapokatika, ningewashauri watoto wasubiri. Kwa joto linalopita nyuzi 40 hakuna ujanja mwingine.

Wa Kisauni, mtoe sungura chini ya bati leo. Makuti ni bora mara nyingi kuliko bati, na sakafu ya vigae ndani ya nyumba ni bora kuliko vyote viwili. Gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, uifunge kitambaa, uiweke mahali anapoweza kujilaza kando yake, na umpanguse masikio kwa maji ya kawaida. Akilegea, akitoa udenda, au masikio yakiwa mekundu na ya moto, mloweshe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye maji ya barafu, na umkimbize kliniki.

Kuhusu ule waya: ukiwa sakafu, humchubua nyayo, kwa kuwa sungura hana vifuko laini chini ya miguu kama paka. Tandika mbao au mkeka na nyasi juu yake. Banda liwe kituo cha kulala tu. Shirika la ustawi wa sungura la Uingereza linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2 kwa sungura wawili, na ingawa nyumba nyingi haziwezi kulitenga moja kwa moja, sebule iliyofichwa nyaya za umeme hutosha kwa saa kadhaa asubuhi na jioni. Usiku mfungie ndani. Paka, nguchiro na nyoka ni hatari, na katika maeneo yenye siafu nimewahi kuona banda zima likimalizwa kabla ya alfajiri.

Hataki kubebwa

Swali: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Sungura wangu akiona mkono anakimbia, nikimnyanyua anarusha teke, na juzi alimng'ata mdogo wangu. Usiku anapiga mguu chini kwa kishindo. Je, anatuchukia? Msomaji wa Arusha.

Jibu: Mwanangu, hakuchukii. Mnyama huyu ni windo, na kwake kunyanyuliwa kutoka juu ni kubebwa na mwewe. Acha kumnyanyua kwa wiki mbili. Kaa sakafuni, soma kitabu chako, uweke jani la giligilani kando ya goti, naye aje mwenyewe. Akija, mkune paji la uso na nyuma ya masikio. Wengi hawapendi kuguswa kidevu, tumbo wala miguu.

Ikibidi kumbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ushike makalio, kisha umkumbatie kifuani huku umechuchumaa, ili akijirusha asianguke kutoka mbali. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi mno kwa mifupa yake, ambayo ni takriban asilimia 8 tu ya uzito wake, na teke moja hewani linaweza kumvunja uti wa mgongo. Asishikwe masikio hata kidogo. Wala usimlaze chali kwa sababu umeona ametulia. Ule ni utulivu wa hofu, na moyo wake huwa unaenda mbio. Mdogo wako, kama hajafika miaka saba au minane, amshike akiwa sakafuni tu.

Kupiga mguu ni onyo kwamba amesikia au amenusa kitu, pengine paka dirishani. Akikuzungukazunguka miguuni anakutongoza, na hiyo ni dalili kwamba amebalehe. Akisugua kidevu kwenye kiti anatia alama kuwa ni chake. Akiruka juu na kujipinda hewani ana furaha. Akisaga meno taratibu wakati unamkuna anastarehe, ila akisaga kwa nguvu huku amejikunyata, ana maumivu, na hapo mwambie mzazi wako mara moja.

Madada wawili

Swali: Tuliuziwa vibete wawili, tukaambiwa ni madada. Wana miezi mitano. Mmoja anamfukuza mwenzake, na huyo anayefukuzwa ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyapeleka kwenye kona. Je, ni ugonjwa wa ngozi? Mama wa Bukoba.

Jibu: Mama, hongera, inaelekea unapata wajukuu. Jike anayenyonyoa manyoya ya kifua na kuyatandika anaandaa kiota, ingawa wakati mwingine hufanya hivyo kwa mimba ya uongo. Kosa la jinsia ni la kawaida mno, kwa kuwa hata mzoefu hubahatisha kwa kitoto cha wiki tano. Korodani huanza kuonekana karibu na wiki ya 10 hadi ya 12, na vibete hubalehe wakiwa na miezi mitatu na nusu au minne.

Mtenge dume sasa hivi, katika banda jingine, si upande wa pili wa wavu ambao wanaweza kuuruka. Mimba huchukua takriban siku 31, na jike huweza kupata mimba nyingine siku ileile aliyojifungua. Mpe sanduku lenye nyasi kavu nyingi, chakula cha punje cha kutosha na kimya. Vitoto wakizaliwa, hutamwona mama akiwanyonyesha, na hapo wengi huingiwa na hofu na kuanza kuwapa maziwa ya ng'ombe. Usifanye hivyo. Jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, mara nyingi gizani, kisha huondoka. Chungulia asubuhi: kitoto mwenye tumbo lililojaa na ngozi isiyokunjamana amenyonya.

Baada ya hapo fikiria kuwahasi. Dume hufanyiwa upasuaji mdogo kuanzia miezi minne hivi, lakini aendelee kutengwa mpaka wiki sita zipite, kwa kuwa mbegu hubaki mwilini. Kwa jike upasuaji ni mkubwa zaidi, lakini saratani ya kizazi huwapata majike wengi sana wasiohasiwa wanapopita miaka mitatu au minne, na sungura aliyetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi kumi na zaidi. Jambo moja la kumpima daktari: akikuambia umlaze sungura na njaa usiku kabla ya upasuaji, kama afanyavyo kwa mbwa, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu ndilo hatari kwake. Wakishahasiwa, warudishe pamoja polepole, mahali ambapo hakuna kati yao anapopaona ni pake, kwa maana sungura hapendi upweke.

Je, aogeshwe?

Swali: Ana harufu kidogo. Nimwogeshe kwa shampuu ya watoto? Msomaji wa Morogoro.

Jibu: Hapana. Kumlowesha mwili mzima humtia hofu kubwa, na manyoya mazito yakichelewa kukauka humshusha joto la mwili. Anajisafisha mwenyewe. Harufu ni ya mkojo: mwekee trei yenye karatasi na nyasi kwenye kona aliyoichagua yeye, uibadilishe kila siku, na utamwona akiizoea. Usitumie maranda ya msonobari yenye harufu kali. Palipogandia uchafu panguswe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na pakaushwe, na sehemu ya nyuma iangaliwe kila siku, kwa sababu nzi hutaga penye unyevu na mabuu huanza kumla akiwa hai ndani ya siku moja.

Magaga masikioni, na sasa ameacha kula

Swali: Sungura wetu ana magaga meupe masikioni na puani na anajikuna sana. Mmoja alitushauri tumpake oili chafu ya gari. Muuzaji wa duka la dawa akatupa amoksilini ya watoto, tukampa mara mbili. Tangu jana jioni hajala kitu na hajapata choo. Mama na baba wa Machakos.

Jibu: Barua hii tuliijibu kwa simu siku ileile. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine.

Magaga hayo ni upele unaoletwa na utitiri wadogo wasioonekana kwa urahisi kwa macho. Ni ugonjwa wa kawaida katika mabanda yetu, unatibika vizuri, na mmojawapo wa utitiri hao huweza kuwawasha pia watu wanaomshika. Dawa ni aivamektini, ambayo hutolewa na daktari na kurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Ile chupa ya ng'ombe ina dawa kali kiasi kwamba kipimo cha kibete wa kilo moja ni sehemu chache za mia za mililita, na hakuna jicho linaloweza kukadiria hilo. Magaga yasibanduliwe, maana chini yake ni kidonda. Oili chafu huunguza ngozi, na sungura huilamba yote. Dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fiproni nayo humdhuru vibaya.

Amoksilini ya kunywa ndiyo iliyonitia hofu kuliko upele. Antibiotiki za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa sekamu, wabaya wakachukua nafasi yao na kumwaga sumu, na sungura anaweza kufa ndani ya siku chache. Ziko antibiotiki zinazomfaa, lakini uchaguzi ni wa daktari anayewajua sungura.

Sungura asiyekula na asiyepata choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, hata kama macho yake ni maangavu, kwa kuwa windo huficha ugonjwa mpaka mwisho. Utumbo unaposimama, gesi hujaa, maumivu humzuia kula zaidi, na ini huanza kuharibika. Usisubiri Jumatatu. Mweke mahali tulivu na pa joto la wastani, mwekee majani anayoyapenda na maji karibu na mdomo, na kama tumbo limevimba na kuwa gumu usimlishe kwa nguvu kwa bomba la sindano. Mweleze daktari mambo manne: mara ya mwisho alipokula, mara ya mwisho alipopata choo, dawa alizopewa, na uzito wake.

Kliniki nyingi za mijini zimezoea mbwa na paka. Piga simu wakati sungura wako angali mzima, uulize kama daktari amewahi kumtibu na kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi, na kama kuna anayepokea simu usiku. Mahali pazuri pa kuanzia kuulizia ni vyuo vyenye vitivo vya tiba ya wanyama, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi yake ya Kabete. Namba utakayopewa ibandike juu ya banda, mahali ambapo hata binti wa kazi ataiona.